Tishali, Wakala na Mkulima wa Mlimani: Historia ya Kuhamisha Shehena Majini na Mafunzo Yake kwa Kada

Makada wengi wa mikoa ya bara huona kwamba mambo ya meli ni mambo ya watu wa pwani. Katika madarasa ya itikadi hapa Soweto, Moshi, tumekutana na fikra hiyo mara nyingi. Mwanafunzi anaweza kueleza vizuri historia ya ushirika wa kahawa, anaweza kutaja miaka ya KNPA na ya KNCU, lakini ukimuuliza gunia la kahawa lilipandaje melini, na nani aliyetoa amri ya kulipandisha, hunyamaza. Kwake kahawa ikishaondoka stesheni ya Moshi, historia imekwisha.

Fikra hiyo ni potofu na ni ya hatari. Ni potofu kwa sababu bei anayolipwa mkulima wa Kibosho, Machame au Rombo haiamuliwi shambani peke yake. Mnunuzi wa mnadani hukisia kwanza gharama zote za kuifikisha kahawa melini, kisha huzitoa katika bei anayotaja. Kwa hiyo kila mkono unaoligusa gunia njiani hulipwa kutokana na jasho la aliyelipanda zao lenyewe. Ni ya hatari kwa sababu wakoloni hawakuwa na fikra kama hiyo. Wao walifahamu tangu mwanzo kwamba mwenye kushika mlango wa bahari ameshika na shamba lililoko kilometa mia tatu kutoka baharini.

Katika makala haya tutachunguza sehemu moja ya mlango huo, nayo ni kazi ya kuhamisha shehena kutoka chombo kimoja hadi kingine majini, chini ya uratibu wa wakala wa meli. Tutaona kazi yenyewe ilivyo, nani alikuwa nayo mkononi katika kila kipindi, na sisi tunapaswa kujifunza nini.

Jinsi shehena inavyohama majini

Meli kubwa huhitaji kina kikubwa cha maji. Bandari isiyokuwa na gati la kina hicho hulazimika kuiacha meli itie nanga katikati ya maji, na shehena hupelekwa kwake kwa matishali. Tishali ni chombo kipana, chenye tumbo tupu, kinachovutwa na boti. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo bandari zetu zote zilivyofanya kazi. Dar es Salaam ilipata gati zake tatu za kwanza za kina kirefu mwaka 1956. Mtwara ilijengewa gati katika miaka ya kwanza ya 1950 kwa sababu ya mpango wa karanga wa Waingereza, mpango ambao ulikufa hata kabla gati halijazoea kazi. Tanga, ambayo ndiyo bandari ya asili ya Kilimanjaro, iliendelea kutegemea matishali hadi karne hii ya ishirini na moja.

Yeyote anayedhani kazi hii ni ya kubeba tu, hajaiona. Siku kadhaa kabla ya meli kufika, wakala huwa amekwisha kupata habari: meli inakuja lini, inahitaji kina gani, imebeba nini, inataka kuchukua nini. Wakala ndiye anayeomba rubani wa kuiingiza meli. Ndiye anayewaarifu maofisa wa afya na wa forodha, maana bila idhini yao hakuna mtu anayeruhusiwa kupanda wala kushuka. Ndiye anayeagiza matishali mangapi yawe tayari, boti ngapi za kuvuta, na makundi mangapi ya wafanyakazi, ya mchana na ya usiku. Ndiye mwenye orodha ya shehena na hati zake. Akikosea hesabu moja, ama meli inalala bila kazi, ama matishali yanalala yamejaa mzigo usiokuwa na pa kwenda. Meli inayolala hutoza gharama ya kila siku.

Matishali yakifika ubavuni mwa meli, hatari huanza. Vyombo viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, vinapanda na kushuka na mawimbi kwa namna tofauti. Sharti tishali lifungwe upande wa demani, yaani upande ambao meli yenyewe inaukinga upepo. Sharti iwepo mipira ya kukinga ubavu ili vyombo visigongane. Sharti kamba zilegezwe na kukazwa kadiri maji yanavyojaa na kupwa. Kusi likivuma kwa nguvu kazi husimama, na msimamizi mwenye akili hasubiri ajali ndipo aisimamishe. Juu ya sitaha anasimama mtu mmoja wa kutoa ishara kwa mwendesha winchi, na ni mmoja tu, kwa sababu ishara za watu wawili ni mauti ya wa tatu. Walioko ndani ya tishali hawamwoni mwendesha winchi, naye hawaoni. Maisha yao yamo katika mkono wa huyo mtoa ishara.

Kahawa nayo ina masharti yake. Hunyonya unyevu, na huvuta harufu ya chochote kilichowekwa karibu nayo. Gunia lililorushiwa maji ya chumvi, au lililopangwa jirani na ngozi mbichi, limekwisha kuharibika ingawa linaonekana zima. Kwa ajili hiyo turubai la kufunika tishali lina thamani sawa na kazi ya mwaka mzima ya mkulima. Mwisho wa kazi hutolewa stakabadhi ya meli, inayosema magunia mangapi yamepokewa na yako katika hali gani. Karani wa tishali na karani wa meli wakihesabu tofauti, ugomvi wao hulipwa na mtu ambaye hakuwapo, naye ni mwenye kahawa.

Tumeeleza mambo haya kwa kirefu kwa sababu moja. Itikadi isiyojua kazi inavyofanyika hugeuka kuwa maneno matupu.

Wakala wa meli alikuwa nani?

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, mwambao wetu ulisogezwa karibu na viwanda vya Ulaya. Mwaka 1872 kampuni ya meli ya British India, iliyoongozwa na William Mackinnon, ilianza safari za barua hadi Zanzibar. Meli ilihitaji mtu wa kuipokea, kuitafutia shehena na kukusanya nauli. Hapo ndipo nyumba ya biashara ya Smith Mackenzie ilipokua Zanzibar, ikiwa wakala wa British India. Mackinnon huyohuyo ndiye aliyeongoza Kampuni ya Kibeberu ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kutawala mwaka 1888. Tazama mfuatano huo: kwanza meli, kisha wakala, kisha hati ya kutawala.

Wajerumani hawakuachwa nyuma. Mwaka 1890 liliundwa Shirika la Meli la Kijerumani la Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Hamburg, kwa ruzuku ya serikali yao. Ruzuku hiyo peke yake inatosha kuwajibu wale wanaodai kwamba biashara ya meli ni soko huru lisilokuwa na siasa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walishika Tanganyika, na uwakala ukawa mikononi mwa nyumba chache za kigeni. Nyumba hizo hazikuwa wakala tu. Ziliagiza bidhaa kutoka nje, zilinunua mazao, ziliuza bima, na zilikuwa na mkono katika kampuni za matishali. Mtu mmoja aliweza kumuuzia mkulima jembe, kununua mazao yake, kuyakatia bima, kuyatafutia nafasi melini na kutoza ada katika kila hatua. Mirija ilikuwa mingi, lakini kinywa kilikuwa kimoja.

Tanga, 1914: somo la kuhamisha bila mpango

Kabla hatujaendelea, tuangalie tukio moja linaloonyesha kwamba utaalamu wa kuhamisha kutoka meli hadi tishali si jambo la kudharau, hata kwa dola lenye nguvu. Novemba 2, 1914, meli za Waingereza zilifika mbele ya Tanga zikiwa na askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka Uhindi. Nia ilikuwa kuiteka Tanga na reli yake inayokwenda Moshi.

Nahodha wa manowari aliwaarifu Wajerumani kwanza, na muda ukapotea. Askari waliokuwa wamechoka kwa safari ndefu ya baharini walihamishiwa katika matishali na kushushwa karibu na Ras Kasone, katika ufuko wa mikoko, bila kuujua vizuri. Wakati huohuo von Lettow-Vorbeck alikuwa anateremsha askari wake kwa treni kutoka Moshi. Waingereza walipoanza kusonga mbele, wapinzani wao, wapatao 1,000 tu, walikuwa wamekwisha kujipanga. Novemba 5 Waingereza walikuwa wanarudi katika meli, wakiacha ufukweni bunduki, mizinga ya rashasha na risasi nyingi.

Kwa mtazamo wetu, vita hivyo vilikuwa ugomvi wa mabeberu wawili juu ya mali isiyokuwa yao, na damu iliyomwagika zaidi ilikuwa ya Waafrika na Wahindi. Hata hivyo somo la kazi linabaki. Wengi walishindwa na wachache kwa sababu mbili: habari zilitoka kabla ya wakati, na watu walihamishwa majini bila kujua wanakohamishiwa.

Reli mbili, bandari mbili

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Katika vita vilevile Waingereza walijenga reli nyingine haraka, kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe, ili kuwapitisha askari wao. Vita vilipokwisha, Kilimanjaro ilibaki na milango miwili ya bahari: Tanga na Mombasa. Haukuwapo wa tatu. Reli ya kuunganisha njia ya Tanga na Reli ya Kati, kutoka Ruvu hadi Mnyusi, ilikamilika mwaka 1963, baada ya Uhuru. Kwa zaidi ya miaka hamsini ya reli, behewa la kahawa la Moshi halikuwa na njia ya kufika katika makao makuu ya nchi yake. Ukoloni haukuijenga nchi. Ulijenga mifereji ya kuondolea mali.

Kati ya milango hiyo miwili, Mombasa ilipata nguvu. Gati za kina kirefu za Kilindini zilianza kazi katika miaka ya 1920, na meli iliweza kupakia ikiwa imefungwa ukutani. Huko Tanga gunia lilibebwa kutoka behewani hadi ghalani, ghalani hadi tishali, tishali hadi meli. Huko Mombasa hatua ya tishali haikuwapo tena. Kila hatua iliyozidi ilikuwa gharama iliyozidi, muda uliozidi, na nafasi nyingine ya gunia kuchanika. Hivyo kahawa nyingi ya Kilimanjaro ilipitia Mombasa, na Tanga ikabaki hasa na katani yake.

Wakulima wenyewe hawakulala. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha KNPA, ambacho Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Baada ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1932, KNCU ilizaliwa mwaka 1933. Ushirika uliwawezesha wakulima kukusanya kahawa, kuikoboa na kuiuza kwa sauti moja. Lakini mwaka 1937 palitokea ghasia mlimani. Wakulima walipinga kulazimishwa kuuza kupitia chombo ambacho walikiona kinaendeshwa kwa amri kutoka juu. Kada asiruke ukurasa huo kwa haraka. Unatufundisha kwamba chombo cha wavujajasho kikipoteza masikio, wavujajasho wenyewe hukigeukia.

Pamoja na nguvu zake zote, ushirika huo uliishia kwenye mlango wa ghala. Uliweza kubishana juu ya bei ya Moshi, lakini haukuwa na tishali wala gati. Zaidi ya hayo, haukuwa na wakala wake.

Mapambano ya makuli

Wakati mkulima anapambana mlimani, mfanyakazi alikuwa anapambana majini. Kazi ya tishali ilifanywa na vibarua walioitwa asubuhi meli inapokuwapo, na kuachwa bila kitu meli isipokuwapo. Mfumo huo uliwafaa sana mawakala na kampuni za matishali: nguvukazi iwe nyingi siku ya meli, isiwe na gharama siku isiyokuwa na meli. Usalama haukuwa na mwenyewe. Kibarua aliyevunjika mguu leo aliachiwa nafasi yake ichukuliwe na mwingine kesho.

Julai 1939 vibarua wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mwezi uliofuata wenzao wa Tanga wakaacha kazi. Mwaka 1943 waligoma tena Dar es Salaam. Septemba 1947 mgomo ulioanza bandarini uliifuata reli na kuenea nchini. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Zanzibar, ambako mgomo ulianzia kwa wafanyakazi wa Kampuni ya African Wharfage na kugeuka mgomo mkubwa wa mji.

Kwa nini bandari ilitangulia? Wako wanaojibu kwamba makuli walikuwa wakali kwa tabia. Jibu hilo halina sayansi. Sababu iko katika kazi yenyewe. Kuhamisha shehena majini hakuwezi kufanywa na mtu mmoja mmoja; kunahitaji kundi linaloaminiana, linalosikiliza ishara moja, na ambalo kila mmoja anajua kuwa uzembe wa mwenzake ni kifo chake. Kundi la namna hiyo limekwisha kujifunza nidhamu kabla halijasikia neno la siasa. Tena makuli walikuwa wamekaa mahali ambapo uchumi wa koloni ulikuwa mwembamba kuliko pote. Wakisimama wao siku tatu, kahawa inasimama Moshi na katani inasimama Korogwe. Kutokana na mapambano hayo wakoloni walilazimika kuwaandikisha wafanyakazi wa bandari na kuzungumza nao, na ari ya umoja iliyozaliwa huko iliingia baadaye katika harakati za uhuru.

Azimio la Arusha na kuundwa kwa NASACO

Bendera ya 1961 haikubadili mara moja jina lililoandikwa juu ya mlango wa wakala. Mabadiliko yalikuja Februari 1967, Azimio la Arusha lilipotangazwa. Miongoni mwa makampuni makubwa ya biashara yaliyotaifishwa mwezi huo ilikuwamo Smith Mackenzie, ileile iliyokua Zanzibar kwa uwakala wa British India karibu miaka mia moja kabla. Shughuli za makampuni hayo ziliwekwa chini ya Shirika la Taifa la Biashara, STC. Mwaka huohuo Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliweka msingi wa Shirika la Bandari la Afrika Mashariki, makao yake makuu Dar es Salaam. Nchi nne, yaani Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, zilikuwa zimekwisha kuungana katika shirika la meli la pamoja, na Tanzania na China ziliunda shirika lao la meli la ubia.

Mwaka 1973 liliundwa Shirika la Taifa la Uwakala wa Meli, NASACO, nalo likapewa kazi ya uwakala peke yake. Maana ya hatua hiyo ilikuwa kubwa. Kwa mara ya kwanza, taarifa za kila meli inayokuja, shehena yake, nauli yake na matishali inayoyahitaji, zilikuwa mikononi mwa chombo cha umma. Tukumbuke tulivyoeleza hapo awali: kazi ya wakala kwa asili yake ni kazi ya kujua. Taifa lisilojua meli gani inakuja na imebeba nini haliwezi kupanga uchumi wake, hata likiandika mipango ya miaka mitano mitano.

Mpaka unafungwa, 1977

Jaribio kubwa lilikuja upesi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Februari mwaka huo mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Reli ya Voi na Kahe, iliyokuwa mlango wa Mombasa kwa kahawa ya Kilimanjaro, ikakatika.

Hapo ndipo watu wa Moshi walipoelewa kwa vitendo kwamba bahari iko karibu na mlima. Kahawa sasa ilikuwa na bandari za nchi yake tu: Tanga na matishali yake, na Dar es Salaam kupitia reli ya Ruvu na Mnyusi. Laiti kipande hicho kisingejengwa mwaka 1963, Kilimanjaro yote ingening'inia kwenye matishali ya Tanga. Waliokuwa wakiuliza kwa nini fedha za nchi changa ziliwekwa katika reli hiyo walipata jibu lao baada ya miaka 14. Kujitegemea maana yake ni kuwa na njia yako kabla ya kufungiwa njia ya mwenzako.

Mamlaka ya Bandari Tanzania iliundwa mwaka huohuo wa 1977 kurithi bandari za upande wetu. Kwa hiyo mamlaka changa, wakala wa taifa mwenye umri wa miaka minne, na reli iliyotenganishwa na za jirani vilitakiwa kuibeba biashara yote ya kaskazini. Mzigo ulikuwa mzito. Lakini kahawa ilisafiri.

Udhaifu wa ndani

Si haki kwa kada kusimulia ushindi na kuficha udhaifu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, KNCU ikiwamo, na kazi zake zikapewa mamlaka ya zao. Sheria mpya ya ushirika ilikuja mwaka 1982, na KNCU ikarudi mwaka 1984. Katika miaka hiyo ya katikati, yaani miaka ileile ya mpaka kufungwa, mkulima hakuwa na chombo chake cha kuuliza: gunia langu limefika wapi? Njia ya kuelekea baharini ilikuwa ya umma tangu shamba hadi meli, lakini mwenye zao hakuwa na kiti popote katika njia hiyo.

Hapa pana tofauti ambayo wengi huichanganya. Kutaifisha ni kubadili mwenye mali. Kujamiisha ni kuwafanya wazalishaji waikague na kuiongoza mali hiyo. La kwanza hufanyika kwa sheria katika siku moja. La pili huchukua miaka, na halifanyiki bila elimu. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwisha kuonya juu ya viongozi wenye majivuno na kudai wafanyakazi washirikishwe. Pale onyo hilo liliposahauliwa, chombo cha umma kilianza kufanana na nyumba ya zamani ya wakala: chenye ukiritimba, chenye siri, kisichokuwa na haraka.

Uchumi ulipolegezwa, ukiritimba wa NASACO nao ulikwisha, na uwakala wa meli ukafunguliwa kwa makampuni binafsi. Wako waliosherehekea kana kwamba tatizo lilikuwa neno «taifa» katika jina la shirika. Wako waliolia kana kwamba neno hilo peke yake lilikuwa linamlinda mkulima. Wote wawili walitazama jina juu ya mlango, wasitazame nani anayeruhusiwa kuona vitabu vilivyomo ndani.

Hali ya sasa

Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Uwakala wa Meli, na Februari 2018 Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, likaanza kazi, likiwa na jukumu la kudhibiti na pia la kufanya baadhi ya shughuli lenyewe. Dola limerudi mlangoni, safari hii likiwa hasa na kalamu ya msimamizi. Huko Tanga, mradi ulioanza mwaka 2019 ulichimba lango la bandari hadi kina cha meta 13 na kujenga upya gati lenye urefu wa meta 450. Meli iliyokuwa ikitia nanga mbali na kuletewa matishali, sasa inaweza kufunga gatini. Mwaka huohuo wa 2019 treni za mizigo, kisha za abiria, zilirudi Moshi baada ya njia kulala miaka mingi.

Je, basi elimu ya kuhamisha shehena majini imepitwa na wakati? Hapana. Imehama kutoka magunia kwenda kwenye mafuta. Duniani leo meli za mafuta huhamishiana shehena baharini, ubavu kwa ubavu, na kosa moja huchafua pwani nzima. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa bahari, MARPOL, uliongezewa masharti juu ya jambo hili yaliyoanza kutumika mwaka 2011. Meli ya mafuta yenye ukubwa wa tani 150 za ujazo au zaidi haina ruhusa ya kuhamisha mafuta bila mpango ulioidhinishwa, na sharti nchi ya pwani iarifiwe angalau saa 48 kabla. Atakayepeleka taarifa hiyo kwa kawaida ni wakala. Na bomba la mafuta ghafi la kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda, limepangiwa kuishia Chongoleani, Tanga, ambako mafuta yatapakiwa melini, katika maji ya wavuvi na mikoko.

Hebu tulinganishe. Masharti ya leo yanadai mpango ulioandikwa, taarifa mapema, msimamizi mmoja, vizuizi vya ubavuni, kuchunguza hali ya hewa, na kusimamisha kazi hatari ikitokea. Serahangi wa matishali ya Tanga aliyajua yote hayo, ingawa hakuna aliyemwandikia. Ujuzi wa wafanyakazi ulitangulia sheria ya wakubwa.

Mafunzo

Kutokana na historia hii tunapata mafunzo manne, ambayo tunapendekeza yajadiliwe mashinani na vyuoni.

(a) Njia ya zao ni moja tangu mche hadi meli. Kada wa Kilimanjaro asiyeijua Tanga ameijua nusu ya Kilimanjaro. Madarasa yetu yafuate gunia, hatua kwa hatua, na katika kila hatua yaulize: nani anaamua, nani anabeba, nani analipa?

(b) Habari ni njia kuu ya uchumi. Wakala alitawala bila shamba na bila jeshi kwa sababu alijua kabla ya wengine. Ushirika wa wakulima leo hauna haja ya kumiliki meli ili uwe na nguvu, lakini una haja ya kuwa na watu wanaoweza kusoma hati ya shehena, kudai stakabadhi na kukagua ada. Moshi tuna Chuo cha Ushirika tangu 1963. Elimu hiyo isibaki kwa wahasibu peke yao.

(c) Usalama ni suala la tabaka. Kanuni ya usalama huandikwa juu na huvunjwa juu, bali hulipwa chini, na kibarua aliyeko ndani ya tishali au mvuvi wa Chongoleani. Kwa hiyo yeye awe na haki ya kupewa taarifa na haki ya kusema «simamisha», wala asiadhibiwe kwa kusema hivyo.

(d) Umiliki bila ukaguzi wa walio chini hauleti ukombozi. Tulipokuwa na chombo cha taifa tulikosa masikio ya wakulima. Tulipofungua soko tulikosa macho ya umma. Kipindi cha sasa kinadai vyote viwili.

Wahenga wa pwani walisema chombo hakiendi ikiwa kila mtu anapiga kasia lake. Lakini umoja wa makasia hautoshi ikiwa wapiga kasia hawaambiwi chombo kinakwenda wapi na kimebeba mali ya nani. Kazi ya kada ni kuhakikisha kwamba mkulima wa mlimani na mfanyakazi wa majini wanaijua safari hiyo nzima, na kwamba siku orodha ya shehena inaposomwa, wao ni miongoni mwa wanaoisoma.